Mvua, Mashuka na Neno Lisilo na Ukoo

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza leo asubuhi, nikiwa nimeshaanika. Daftari hili amenipa mwanangu. Lilikuwa lake la hesabu za mwaka jana, kurasa za nyuma zimebaki nyeupe. Amesema niandike chochote, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Shule niliiacha mapema, nikijua kusoma na kuandika basi, na tangu hapo ninachoandika ni alama kwenye pindo za mashuka ya watu. Haya, nimeandika.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Ijumaa, Machi 7

Pale kwa dobi tunafua mashuka ya nyumba mbili za wageni. Kiangazi tunaanika uani na jua linatusaidia nusu ya kazi. Masika kila mfanyakazi anabeba mzigo wake akaukaushie nyumbani kwa joto la mkaa, ndivyo tajiri wetu alivyopanga. Kwa hiyo sebule yangu siku hizi haina kuta, ina mashuka. Ukitaka kufika mlangoni unapasua weupe kwa mikono kama mtu anayeogelea. Mvuke unatanda, na kila kitu kinaonekana kiko mbali, hata kikombe ulichokishika mwenyewe.

Leo mwanangu amerudi kutoka shule akapita katikati ya huo weupe, akanipa kikaratasi bila kusema neno. Kimeandikwa: keep.

Mwalimu wake wa Kiingereza ameweka vitenzi kwenye kopo, kila mwanafunzi akachovya mkono na kutoa kimoja. Atakachotoa akichimbe: kilitoka wapi, kina maana zipi, watu wanakitumia vipi. Mwisho wa muhula kila mmoja atasimama mbele ya wazazi na wenzake wote, akieleze.

Sasa lazima niandike jambo ambalo hapa kwetu kila mtu analijua. Mwanangu, kitinda mimba wangu, ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Herufi nyingine anazivuka kwa kuchechemea, lakini K ni ukuta. Na lugha yetu imejaa K, huwezi kumaliza sentensi bila kukutana nayo. Ameishi kwa kuzunguka. Kuku anamwita yule wa mayai. Kaka yake anamwita mkubwa wako. Kijiko anakionyesha kwa kidole. Halafu, katika maneno yote ya Kiingereza, apate hilo.

Foronya zote za leo nimezipiga pasi kwa hasira. Nadhani yule mwalimu hana mtoto.

Jumatatu, Machi 10

Mvua tangu alfajiri. Nimeumwa mgongo.

Jumatano, Machi 12

Leo amenisomesha. Mimi upande huu wa shuka na pasi yangu, yeye upande wa pili na madaftari. Nilikuwa naona kivuli chake tu, kikubwa, kinayumba kila upepo ukipita chini ya mlango. Nikajiona kama naongea na mtu aliye ndani ya wingu.

Akanieleza kwamba ukimwambia mtu jambo la siri, naye asilitoe, kwa Kiingereza anali-keep. "Sisi tunasema ku... ku..."

"Kutunza," nikamsaidia.

"Ndiyo. Na ahadi?"

"Kutimiza."

"Na wale wa mayai?"

"Kufuga."

"Basi wenzetu, yote hayo ni neno moja. Na maziwa yakiwa hayataharibika mpaka jioni, neno hilo. Ukimwambia mwenye duka chenji abaki nayo, hilo. Ukimchelewesha mtu anakusubiri, hilo. Ukimwambia mtu anyamaze, hilo. Ukimwambia a-e-endelee, hilo."

"Ngoja. Nyamaza na endelea, neno moja?"

"Moja."

"Na hawachanganyikiwi?"

"Wanaangalia limefuatana na nani."

Nikasimamisha pasi. Nikamwambia hilo neno ni mama mwenye nyumba, wakimwita jikoni yuko, wakimwita uani yuko, na hakuna anayemuuliza amekula. Kivuli kikacheka. Nikaandika hapa ili nisisahau kwamba leo kimecheka.

Ijumaa, Machi 14

Baba yake ni mlinzi wa ghala, analinda usiku, analala mchana. Leo ameamka saa kumi, amekaa mezani na chai, mwanangu akamuonyesha neno lake.

"Hili mimi nalijua," akasema. "Kipa. Golikipa. Nimekuwa kipa miaka mingi kabla hujazaliwa."

"Ndilo hilo hilo, baba. Mlinzi wa goli."

"Basi kumbe hata ghalani ni kipa." Akajinyoosha kitini kama aliyepandishwa cheo.

Nikamwambia asisahau ile siku aliyofungwa saba.

"Mke wangu, yale ya kwanza mawili nilisukumwa."

"Na matano?"

"Yale niliyaona yakipita vizuri kabisa."

Mwanangu akamwambia kuna lingine analijua. Ule mzunguko wa barabara ambao madereva wanauita kipilefti, ni kibao cha zamani kilichoandikwa kaa kushoto. Baba yake akashangaa mno. Akasema ameuzunguka maisha yake yote akidhani ni jina la mhandisi.

Nimewaangalia wawili hawa nikawaza, neno lenyewe lilikwisha ingia ndani ya nyumba yetu zamani, likaketi, sisi tukawa hatujui ni mgeni.

Jumanne, Machi 18

Kazini nimemsimulia mwenzangu wa meza ya pasi. Tunamwita Haraka kwa sababu hana. Shuka moja analikunja mpaka wewe umekunja manne.

"Neno gani hilo lisilo na likizo," akasema. "Halafu sisi tunajiita wafanyakazi."

"Mwanangu atalisemaje mbele za watu, shoga? Wenzake watamcheka."

"Watacheka. Wangu walinicheka harusini nilipokanyaga gauni, na niko hapa."

Haraka hana moyo wa kuogopa. Mimi nimepewa wa wawili.

Jumapili, Machi 23

Mvua haikupumzika hata kidogo, na nyumba imekuwa kama ndani ya chungu kinachotokota. Tumekaa sakafuni mimi na yeye, mashuka juu yetu kama dari inayopumua. Amenisomea asili ya neno lake. Amelitafuta kwenye kamusi kubwa ya maktaba, ile wanayoifungua kwa mikono miwili.

Ni neno la zamani sana, karibu miaka elfu moja limeandikwa. Mwanzoni, anasema, lilikuwa halina maana ya kutunza. Lilikuwa na maana ya kukamata, kutazamia kitu, kukikodolea macho kisikupite. Ikachukua muda mrefu mkono uliokamata ukawa mkono unaotunza. Baadaye hata ule mnara wa katikati ya ngome, wanakokimbilia watu wakivamiwa, wakauita kwa neno hilo hilo.

"Na kabla ya hapo?" nikamuuliza. "Wazazi wake maneno gani?"

Akanieleza kwamba maneno ya Kiingereza mengi yana ndugu kwenye lugha za jirani, unayaona yanafanana pua. Hili wamelitafutia ndugu kila mahali, wasiwapate. Kamusi imeandika tu: asili haijulikani.

Hilo limenikaa. Neno limetokea mlangoni kwa watu, halina ukoo, hakuna anayejua limetoka kwa nani, wakalipa kazi, na sasa nyumba nzima inaliegemea. Nililala mchana kidogo nikaliota. Lilikuwa mtoto mdogo aliyelowa, amesimama kwenye kizingiti, nikamuuliza jina lako nani, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.

Jumatano, Machi 26

Ameniambia hata daftari kama hili, Kiingereza hawasemi unaliandika. Wanatumia neno lake. Nimelitazama daftari kwa heshima kidogo.

Jumanne, Aprili 1

Leo amefanya mazoezi amesimama, si nyuma ya shuka, mbele yangu. Alianza vizuri. Alipofika kwenye neno lenyewe alikwama. Shingo ikatoka mishipa, macho akayafumba, mguu mmoja ukawa unapiga sakafu. Sikuweza kuvumilia. Nikalisema mimi. Akafumbua macho, akaniangalia, akakaa chini akasema amechoka.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata angelisema nisingelisikia.

Alhamisi, Aprili 3

Sina raha. Naona ukumbi, naona watu, naona mdomo wa mwanangu umefunguka kama yule mtoto wa ndotoni. Nimeunguza kidole.

Jumatatu, Aprili 7

Nimekwenda kwa mwalimu. Sikumwambia mtu.

Nilimkuta kwenye chumba cha walimu peke yake, anakausha soksi juu ya kiti. Nilitegemea mtu mkali. Ni kijana mwembamba tu mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaona aibu ya zile soksi akazificha mfukoni zikiwa mbichi.

Nikamwambia, mwalimu, shikamoo ni yangu kuipokea lakini leo naitoa mimi, maana nakuja kwa shida. Nikamweleza yote. Nikamwomba amtoe mwanangu kwenye ile siku, au ampe neno jepesi, lenye herufi laini.

Akasema, "Mama, ninakuelewa. Ila kuhusu hilo neno, yeye mwenyewe ndi..."

"Ndiye aliyekataa nisije kukusumbua, najua," nikamwambia. "Ndivyo alivyo, hasemi shida zake."

"Hapana, ninachotaka kusema, ile siku ya kopo ali..."

"Alinyamaza. Najua, baba. Atanyamaza mpaka afe. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Akavua miwani akaifuta. Akasema kama mzazi ndiye anayeomba, basi atamwondoa kwenye ratiba, hatamtia aibu.

Nimerudi nyumbani mvua ikininyeshea, sikuihisi. Nilikuwa mwepesi kama nimetua gunia. Kumbe ni mtu mwema yule.

Jumatano, Aprili 9

Sijui nianzie wapi.

Amerudi leo mapema. Hakupasua mashuka kama kawaida, aliyasukuma, mawili yakaanguka kwenye maji ya mlangoni. Akasimama hapo na sare imemganda mwilini. Nikamwambia vua utaugua. Hakuvua.

"Ulienda shule," akasema.

Nikajua. Mwalimu amesoma ratiba mbele ya darasa na jina lake halimo. Wenzake wakamgeukia. Mmoja akasema, mama yake amekuja kumwombea. Alimwona akipita na kanga yake ya bluu.

Nikaanza kumweleza, mwanangu, nilifanya kwa sababu...

"Nilili... nilili..."

"Nililia?" nikasema. "Ulilia darasani?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakawa yanateremka na maji ya mvua, huwezi kujua yapi ni yapi. "Ni... nili..."

"Nilikuambia? Hukuniambia, mwanangu, ni mimi nilijiamulia."

Hapo akapiga mlango kwa kiganja. Sijawahi kumwona akipiga kitu. Baba yake akaamka chumbani. Na yeye akasema neno lake lote, kwa mpigo, kwa sauti ambayo sikuijua: "Nililichagua mwenyewe."

Kopo lilimpa neno lingine. Lilimpa kuimba, lile la Kiingereza, laini kama siagi. Akatembea mpaka mezani akamwomba mwalimu abadilishe, ampe lile gumu kuliko yote. Mwalimu alimuuliza mara mbili. Ndicho alichokuwa ananieleza yule kijana na soksi zake, na mimi nikawa nammalizia.

"Nimechoka, mama," akasema. "Siku zote nazunguka. Nilitaka mara moja nipite ka... ka..."

Nikafungua mdomo. Naapa sikukusudia. Ulifunguka wenyewe.

Akauona. Akasema taratibu sana, kama anamwambia mtoto: "Unaona? Hata hili unataka unichukulie."

Akaenda kulala bila kula. Nimeokota mashuka yale mawili, nimeyafua tena kwa mkono. Ni matope tu, yametoka.

Alhamisi, Aprili 10

Haongei na mimi. Anaongea na baba yake kwa ishara.

Ijumaa, Aprili 11

Haongei.

Jumamosi, Aprili 12

Nimepika anachopenda. Amekula. Haongei.

Jumapili, Aprili 13

Mvua imekuwa nyepesi leo, ile ya kunyunyiza, inayofanya mtu asikie usingizi akiwa amesimama. Nimekaa na baba yake mlangoni.

Nikamuuliza, "Mimi nawamalizia watu maneno?"

"Ndi..." akasema.

"Ndiyo kumbe."

Akanitazama tu. Nilijisikia nikiungua masikio. Akacheka mpaka chai ikammwagikia.

Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Tangu akiwa mdogo unamsemea. Dukani unamsemea. Kwa daktari unamsemea. Mimi huwa najiuliza huyu mtoto ana sauti ya nani."

"Na wewe hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningeanzia wapi? Ningesema neno moja ungemaliza lililobaki."

Nilitaka kukasirika. Nimekaa nikasikiliza michirizi ya maji. Nimewaza lile neno lilivyokuwa zamani, kabla halijawa la kutunza, lilipokuwa la kukamata na kukodolea macho. Kwangu mimi halijabadilika bado.

Jumatatu, Aprili 14

Nimemwambia nitarudi kwa mwalimu nikamwombe amrudishe. Akatikisa kichwa. Akaandika kwenye jalada la daftari: nitaenda mimi.

Nimemwacha aende. Nimekunja mashuka siku nzima, Haraka akasema leo umenishinda kwa uvivu.

Jumanne, Aprili 15

Mwalimu amemrudisha. Lakini ratiba imejaa, nafasi iliyobaki ni ya mwisho kabisa, wakati wazazi wanaanza kuaga. Ameipokea. Haya ameniambia kwa mdomo wake, sentensi tatu, nami nilikaa juu ya mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Jumamosi, Aprili 19

Mazoezi. Amekwama. Nimeng'ata ncha ya kanga.

Jumanne, Aprili 22

Amekwama. Nimetazama macho yake badala ya mdomo. Ukitazama macho unaona kwamba neno liko pale, limeshafika, linatafuta mlango tu. Sikuwahi kuliona hilo. Kumbe miaka yote mimi nilikuwa natazama mdomo.

Ijumaa, Aprili 25

Nimerudi kutoka shule.

Ukumbi ulikuwa na joto la nguo mbichi. Madirisha yamefunga ukungu, watu nje wanapita kama samaki. Wanafunzi wakapanda mmoja mmoja na maneno yao, huyu kukimbia, huyu kuvunja, na mmoja lile la kuimba. Mvua ilikuwa inanibembeleza, nikawa nasinzia na kuzinduka, maneno ya Kiingereza yananipita juu ya kichwa kama ndege. Baba yake alikesha lindoni na mchana hakulala, lakini ameketi wima kama nguzo.

Ikafika zamu ya mwisho. Watu walikuwa wameshaanza kutafuta miavuli yao. Mwanangu akapanda.

Akasema habari za jioni kwa Kiingereza. Akasema leo ataeleza kitenzi kimoja. Halafu akafika kwenye ukuta.

"K..."

Miavuli ikaacha kugongana. "K... k..." Mishipa ya shingo. Mguu ukaanza kupiga jukwaa. Nyuma yetu mwanafunzi akacheka puani, mwingine akaitikia. Mama mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Maskini, si wamwambie tu." Na mimi lile neno nilikuwa nalo mdomoni, zima, limekaa juu ya ulimi, ningelitema tu lingemfikia. Baba yake akaushika mkono wangu. Hakuhitaji. Nilitazama macho ya mwanangu, naye akanitafuta katika watu mpaka akanipata, na nadhani aliona kwamba mdomo wangu umefungwa.

Sijui ni muda gani. Mvua ilibadilika mara mbili juu ya bati.

"Keep," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyejua kama inafaa. Naye hakusubiri. Akaendelea. Akasema maana zake, Kiingereza halafu Kiswahili, ili sisi wazazi tusiachwe. Siri, ahadi, kuku. Alisema kuku. Kwa shida, lakini alisema. Akasema ya kipa na baba yake akajinyoosha. Akasema habari za neno kukosa ndugu, na kwamba halikuzuiliwa na hilo kuwa na kazi katika kila nyumba. Alikwama mara nyingi. Kila alipokwama ukumbi ulijifunza kidogo kungoja, na wale wa kucheka puani wakachoka mapema. Wenzake walitumia dakika kumi. Yeye alitumia zaidi sana, na mlinzi wa shule alikuwa ameshasimama mlangoni na funguo.

Aliposhuka mwalimu alivua miwani tena akaifuta. Nilimwendea. Nikamwambia, "Mwalimu, ile siku ulikuwa unataka kuniambia jambo."

"Ndiyo, mama. Nilitaka kusema kwamba yeye mwenyewe ndiye..."

Nikangoja mpaka akamaliza. Nilikuwa nalijua lote, lakini nilimsikiliza kama habari mpya.

Jumanne, Aprili 29

Shule zimefungwa. Mvua inakuja na kuondoka, kama mtu aliyesahau kitu.

Jumamosi, Mei 3

Leo ndiyo shehena ya mwisho ya kukaushia ndani, tajiri amesema Jumatatu tunarudi uani. Nilikuwa napiga pasi shuka kubwa la nyumba ya wageni, mwanangu akatoka jikoni amebeba beseni la maji kwa mikono miwili. Akasimama, akaniangalia.

"Mama," akasema, "p..."

Nikaacha kazi. Nikamgeukia mzima mzima. Nikamtazama macho, nikaona neno liko pale, nikasema moyoni, safari hii hata sijui ni neno gani, na sitaki kujua kabla yake. Nikangoja.

"P... p..."

Uso wake ulikuwa na juhudi nyingi. Nilimtabasamia nimpe nafasi. Nilijisikia mtulivu ajabu, mashuka yanapepea kidogo kidogo, mwanga umeingia wa manjano, na kulikuwa na harufu ya mkaa nzuri ya nyumbani. Akawa ananyoosha kidevu, nikajua ni juhudi za K zimehamia kwenye P. Nikamwambia, "Sina haraka, mwanangu. Chukua muda wako."

"P... pasi," akasema.

Nilipogeuka moshi ulikuwa unapanda. Nilipoiinua, shuka lilibaki na alama ya pasi, nyeusi, kamili, mpaka vitundu vyake vya mvuke unaviona.

Tukatazamana. Beseni likaanza kumtetemeka mikononi, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, maji yanamwagika miguuni, baba yake ameamka anauliza chumbani nini kinaungua, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu.